Uvumi si Sababu ya Kufukuzwa Kazi

Kila Juni, kampuni nyingi za Ulaya na Marekani hupandisha bendera ya upinde wa mvua kuwaenzi wafanyakazi wao wapenzi wa jinsia moja. Msumbiji, jirani yetu, sheria ya kazi ya 2007 ilikataza kumbagua mfanyakazi kwa msingi wa mwelekeo wake wa kimapenzi. Kwetu Tanzania haiko hivyo, na anayeishi hapa Sanje, mkoani Morogoro, lazima ajue. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo kisichopungua miaka 30 kwa kuingiliana kinyume cha maumbile. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, katika kifungu cha 7, inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsi, ulemavu, VVU na mengineyo. Mapenzi ya jinsia moja haikuyataja.

Wengi hukata tamaa hapo, na waajiri wabaya wanalijua hilo. Lakini kifungu cha 154 kinaadhibu kitendo kilichothibitishwa mahakamani. Sauti ya mtu, mwendo wake au kutooa kwake si kosa. Mwaka 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam alipotangaza msako wa wapenzi wa jinsia moja, Wizara ya Mambo ya Nje ilitamka kuwa hayo ni maoni yake, si msimamo wa Serikali.

Tuseme unahudumu nyumba ya wageni wanakolala watalii wa maporomoko ya Sanje, au unakata miwa upande wa Kidatu. Minong'ono inamfikia bosi, anakuambia kesho usije. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira kinamtaka awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Cha 39 kinamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha. Una haki ya kuelezwa tuhuma, kujitetea, na kufuatana na mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Hawezi pia kukulazimisha kupima VVU. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza.

Mtego mkubwa ni ile kauli ya "andika mwenyewe barua, uondoke na heshima yako." Usiandike. Ukishasaini, itakubidi wewe uthibitishe kuwa ulishinikizwa. Akikutishia polisi, usimjibu. Tafuta wakili kwanza.

Ulinzi wa kifungu cha 37 unataka uwe umemtumikia mwajiri huyo miezi 6, hata kwa mikataba zaidi ya mmoja. Vibarua wa msimu wa miwa, shikeni hilo.

Peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, Morogoro, kwa fomu namba 1. Andika yaliyotokea tu: tarehe, maneno uliyoambiwa, na kwamba hukusikilizwa. Maisha yako ya faragha usiyaandike. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 watakusaidia bila malipo. Una siku 30 tangu ulipofukuzwa; zikipita, itakubidi kwanza uombe Tume ikusamehe kuchelewa, na inaweza kukataa.