Lijue Shina la Ubongo Kabla ya Kumnyanyua Majeruhi

Pitisha kidole nyuma ya shingo yako ukipanda juu, mpaka pale shingo inapoishia na fuvu kuanza. Ndani ya eneo hilo, mbele ya ubongo mdogo ulioko kisogoni, ndipo lilipo shina la ubongo. Ni kipande cha sentimita 7 au 8 hivi, unene wake haupiti sana kidole gumba, na ndicho kinachounganisha ubongo mkubwa na ugwe mgongo, yaani kamba ya neva inayoshuka ndani ya uti wa mgongo. Ubongo wa mtu mzima una gramu 1,300 hadi 1,400, na shina ni sehemu ndogo tu ya uzito huo. Lakini mtu anaweza kuumia vibaya ubongo wa juu na bado akaishi. Shina likiharibika lote, pumzi hukatika.

Lina sehemu tatu. Ya juu huitwa ubongo wa kati, ya katikati iliyotuna kwa mbele ni ponsi, na ya chini ni medula, ambayo hupita kwenye tundu la chini ya fuvu na kuendelea kuwa ugwe mgongo. Kati ya jozi 12 za neva za kichwani, jozi 10 hutoka hapa: zinazogeuza macho, zinazotafuna, zinazokunja uso, zinazosikia, zinazomeza.

Ukitaka kuuona ubongo wa kati ukifanya kazi, huhitaji hela yoyote. Simama mbele ya kioo kwenye chumba chenye giza kidogo, kisha mulika jicho moja kwa tochi ya simu, kutoka pembeni na kwa muda mfupi. Mboni, lile duara jeusi la katikati, itasinyaa papo hapo, na ya jicho la pili itasinyaa nayo ingawa hukuimulika. Hukuamua wewe. Ndiyo maana daktari akimpokea mtu aliyezimia humfunua kope na kummulika: anauliza shina kama bado linaitika.

Ponsi huongoza uso, kutafuna na macho kutazama pembeni, tena husaidia kupanga mwendo wa pumzi. Medula ndiyo yenye kazi nzito. Hupima hewa chafu ya kaboni dayoksaidi kwenye damu, na ikizidi hukulazimisha uvute pumzi, ndiyo sababu huwezi kujinyima hewa kwa ukaidi mpaka ufe. Huongeza au kupunguza mapigo ya moyo, hushughulikia presha, na huamrisha kukohoa, kutapika na kumeza. Kila unapomeza, hufunga njia ya hewa kwa kitambo ili chakula kisiingie mapafuni. Tena ndani ya shina umo mtandao wa seli unaouweka ubongo wa juu macho. Mtandao huo ukiumia, mtu hazinduki hata ukimwita kwa jina lake la utotoni.

Sasa tuje barabarani, kwa sababu huko ndiko wengi wetu tunakutana na jambo hili. Bodaboda imeanguka, abiria amelala, hajibu. Kosa linalofanyika kila siku ni watu wawili kumshika mikono na miguu, wakampakia mshikaki kwenye pikipiki nyingine, kichwa kikining'inia. Mfupa wa shingo ukiwa umevunjika, kila mtikisiko unaweza kuuumiza ugwe mgongo na hata medula.

Fanya hivi. Mmoja apige magoti upande wa utosi wa majeruhi, ashike kichwa kwa viganja viwili, kibaki kimenyooka na mwili. Kofia ngumu iacheni, isipokuwa kama inamziba asipumue. Mtazameni kifua kwa sekunde 10. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Akiwa anapumua lakini anatapika au kinywa kimejaa damu, mgeuzeni ubavu, watu watatu au wanne kwa pamoja, kichwa, kifua na nyonga vikigeuka kwa wakati mmoja. Njia ya hewa ndiyo ya kwanza. Shingo inalindwa kadiri inavyowezekana, lakini hakuna faida ya kulinda shingo ya mtu anayekosa hewa.

Kuna jambo moja linalowapotosha wengi. Mtu ambaye moyo umesimama anaweza kuendelea kutweta kwa dakika kadhaa: kinywa kinafunguka, anavuta kwa nguvu kama anayekoroma, kisha kimya kirefu, kisha tena. Watu husema, "Mwacheni, anapumua." Huko si kupumua. Ni medula inayokata tamaa. Kama hajibu na anahema namna hiyo, anza kumgandamiza kifua mara moja: kiganja katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na msipokezane kwa kuchelewa. Mwingine apige 112, namba ya dharura inayotumika Tanzania na Kenya. Gari la wagonjwa likiwa mbali, tafuteni gari ambalo mtu anaweza kulazwa chali, siyo bajaji.

Wala usimpe maji. Wala soda, wala asali, wala dawa. Mtu asiyejitambua anaweza kuwa amepoteza uwezo wa kumeza na kukohoa, na ukimimina, inaingia mapafuni.

Na pasipo ajali? Adui mkubwa wa shina ni kiharusi. Tumezoea kiharusi cha mdomo kupinda na mkono mmoja kulegea. Cha shina huja kwa sura nyingine, na ndiyo maana watu hulala nacho nyumbani wakidhani ni malaria au presha imeshuka. Shuku unapoona kizunguzungu cha ghafla pamoja na mojawapo ya haya: kuona vitu viwiliviwili, kuongea kwa kukokota, kushindwa kumeza, kuyumba kiasi cha kushindwa kutembea. Wakati mwingine uso unapooza upande wa kulia na mkono na mguu upande wa kushoto. Hapo ndipo utasikia minong'ono kwamba amerogwa. Maelezo yako wazi: neva za uso hutoka upande uleule wa shina, ilhali njia kuu ya kuamrisha mikono na miguu huvuka kwenda upande wa pili chini kabisa ya medula. Pigo moja dogo katika shina linagusa zote mbili.

Andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, katika hospitali chache zenye uwezo huo, na daktari atauliza saa kabla ya kitu kingine. Usimpe aspirini nyumbani, maana kama ni mshipa uliopasuka utaongeza kuvuja.

Umpeleke wapi? Zahanati itapima presha na sukari na kuandika rufaa, lakini kama hospitali yenye mashine ya picha ya CT inafikika, nenda moja kwa moja. Tanzania ziko Muhimbili, Bugando, KCMC, Benjamin Mkapa na nyinginezo. Eksirei ya kawaida ya kichwa huonyesha mfupa tu, basi usikubali kulipia ukidhani umeonwa ubongo. CT huonyesha damu iliyovuja, na kwa kawaida bei yake huzidi shilingi laki moja za Tanzania. Picha ya MRI ni ghali zaidi, ila ndiyo inayoliona shina vizuri, kwa kuwa mifupa minene ya chini ya fuvu huivuruga picha ya CT. Uliza bei na uliza kama bima inalipa kabla ya kwenda dirishani. Majeruhi wa ajali huhitaji fomu ya polisi, PF3, lakini mahututi hutibiwa kwanza, fomu ikafuata. Kenya, Katiba ya 2010 katika ibara ya 43 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

Wodini, ndugu, liko swali ambalo huenda usithubutu kuuliza: mbona moyo unapiga, na daktari anasema ubongo umekufa? Moyo una umeme wake wenyewe, unaweza kuendelea kupiga madhali mashine inamvutia hewa. Madaktari hulipima shina kipande kwa kipande: mwanga kwenye mboni, pamba kwenye jicho, maji baridi sikioni, kijiti nyuma ya koromeo karibu na kimeo, na mwisho kuiondoa mashine kwa muda waone kama pumzi itaanza yenyewe. Una haki ya kuelezwa kila kipimo, na siku za chumba cha wagonjwa mahututi zina gharama kubwa, basi uliza mapema.

Lakini kimya si kifo kila mara. Mwaka 1995 mhariri wa Kifaransa Jean-Dominique Bauby alipigwa na kiharusi cha shina. Mwili karibu wote ulipooza, akili ikabaki timamu, na kitabu chake, kilichotoka mwaka 1997, alikitunga kwa kupepesa kope la jicho la kushoto. Kwa hiyo ukimkalia mgonjwa asiyesogea, mwambie atazame juu, kisha chini. Akifanya, mwite muuguzi.

Na kabla ya kumlisha uji mgonjwa aliyepata nafuu, mwombe muuguzi amjaribu kumeza kwa kijiko cha maji, ameketi wima. Akikohoa, au sauti ikatoka kama yenye maji kooni, bado hayuko tayari.