Unga wa Kijani: Ulikuzwa Wapi, na kwa Namna Gani?

Tunaulizwa mara kwa mara kama unga wa kijani uuzwao kwa jina la spirulina au klorela unafaa kupewa mtoto. Jibu halimo katika rangi ya unga, wala katika sifa zilizochapwa juu ya kopo. Hutegemea zaidi maji ulimokuzwa.

Spirulina na klorela ni viumbe vya majini, vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyojilisha kwa mwanga wa jua kama mimea. Tusivichanganye na mwani ambao akina mama wa Unguja huufunga kwenye kamba. Spirulina hustawi katika maji ya magadi yenye joto. Jamii yake ndiyo chakula cha flamingo wadogo wa maziwa ya Nakuru, Bogoria na Natron. Na huko Ziwa Chad wanawake wa Kikanembu huichota, huikausha juu ya mchanga na kuiuza sokoni. Magadi hayo ni kinga, kwa kuwa viumbe vichache vingine huyastahimili. Ndiyo sababu spirulina nyingi hukuzwa katika mabwawa ya wazi.

Klorela huota katika maji ya kawaida, ambamo kila mvamizi huweza kuingia. Kwa hiyo baadhi ya wakuzaji huifungia ndani ya fotobayorekta, yaani mirija au matangi yapitishayo mwanga. Huko Klötze, Ujerumani, kumejengwa kiwanda chenye mirija ya kioo ya takriban kilomita 500. Maji huzungushwa humo ili kila chembe ipate zamu yake ya mwanga. Hutiwa hewa ya ukaa, na oksijeni hutolewa, maana ikirundikana hudumaza ukuaji. Gharama ni kubwa, nayo huonekana katika bei. Hata hivyo, mrija usiosafishwa hauna ubora wowote kuliko bwawa lililotunzwa vyema.

Hali ya ukuzaji hubadilisha hata kilichomo ndani ya chembe. Klorela ikinyimwa naitrojeni, protini hupungua na mafuta au wanga huongezeka. Kwa hiyo kiwango cha protini kinachotangazwa kiwe kimepimwa katika bidhaa hiyo hiyo, si kunakiliwa kutoka kwingine. Madai ya vitamini B12 katika spirulina nayo yapokewe kwa tahadhari: sehemu kubwa ni ya aina ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni maikrosistini, sumu inayodhuru ini. Hutolewa na viumbe wengine wa kijani, hasa Microcystis, wanaoweza kuvunwa pamoja na bidhaa inayochotwa katika maziwa ya asili. Kuchemsha uji hakuiondoi. Mwaka 1997 jimbo la Oregon, Marekani, ambako mwani wa Ziwa Upper Klamath huvunwa na kuuzwa kama chakula cha nyongeza, liliweka kikomo cha mikrogramu 1 ya sumu hiyo kwa kila gramu ya bidhaa. Mtoto, kwa uzito wake mdogo, hufikia kiwango cha madhara mapema kuliko mtu mzima.

Kabla ya kulipa, mwulize muuzaji: bidhaa ilikuzwa bwawani, katika mirija, au ilichotwa ziwani? Kuna cheti cha maabara kwa toleo hilo, kinachotaja maikrosistini, metali nzito na bakteria? Unga uliopimwa kwa kijiko na kufungwa katika mfuko usio na namba ya toleo usinunuliwe, hata ukiwa wa bei nafuu. Wajawazito, wenye maradhi ya ini na wazazi wa watoto wachanga wamwone mganga kwanza. Mtumiaji akipatwa na kutapika kusikoisha au macho kuwa ya manjano, aache kuutumia mara moja na aende kituo cha afya akiwa na kopo lenyewe pamoja na risiti.