Springi, Shokapu na Starehe ya Abiria

Gari lipitapo juu ya tuta, springi hubanwa na kuhifadhi nishati. Kisha hujikunjua na kuirusha bodi juu. Mwaka 1678 Robert Hooke wa Uingereza alieleza kwamba springi hunyumbuka kwa kadiri ya kani inayoivuta. Hivyo, kwa mzigo ule ule, springi laini hudidimia zaidi na kutetema polepole. Springi ikididimia sentimeta 25, mtetemo mmoja huchukua sekunde 1 hivi. Ikididimia sentimeta 4, huchukua sekunde 0.4 tu, na abiria hutikiswa.

Lakini springi peke yake haizimi mtetemo upesi. Kazi hiyo ni ya shokapu: pistoni husukuma oili kupitia vitundu vyembamba, na nishati hugeuka kuwa joto. Shokapu ikichakaa, gurudumu hurukaruka, na lisipogusa barabara breki haina la kushika. Kwa hiyo starehe isitafutwe kwa kulegeza kila kitu.

Jaribio: Ning'iniza jiwe kwenye springi, pima mnyumbuko, kisha pima muda wa mitetemo 20. Rudia jiwe likiwa majini. Mitetemo inafifiaje? Eleza sababu.