SOMO LA ROBO HII: Mbona Kweupe na Ndege Haijaja?

Swali hili tunaulizwa na kamati za parokia mkoani Singida kila masika, mgonjwa akiwa tayari kiwanjani. Wafadhili nao huuliza kwa nini safari iliyolipiwa imeahirishwa. Tujifunze jinsi programu ya kompyuta inavyoipa hali ya hewa daraja.

Kituo cha uwanja wa ndege, kama Dodoma, hutoa taarifa fupi iitwayo METAR. Humo programu huchukua mambo mawili: umbali wa kuona, na kimo cha wingu kutoka uwanjani. Linalohesabiwa ni wingu la chini kabisa lililofunika sehemu 5 au zaidi kati ya 8 za anga.

Programu nyingi hutumia madaraja ya Marekani:
• VFR (kijani): wingu juu ya futi 3,000 na kuona zaidi ya maili 5.
• MVFR (buluu): futi 1,000 hadi 3,000, au maili 3 hadi 5.
• IFR (nyekundu): futi 500 hadi chini ya 1,000, au maili 1 hadi chini ya 3.
• LIFR (zambarau): chini ya futi 500, au chini ya maili 1.

Kanuni kuu: kipimo kibaya zaidi ndicho kinachoamua. Mfano, "9999 BKN008" maana yake kuona ni kilomita 10 au zaidi, lakini wingu liko futi 800. Daraja ni IFR. Aliye chini anaona kweupe. Rubani aliye juu haoni kiwanja.

Nasi tulikosea. Katika majaribio, taarifa ilipokosa kipimo cha wingu, programu yetu iliandika kijani. Tumeirekebisha: pasipo kipimo, jibu ni "haijulikani". Kukosa habari si habari njema.

Tena, kituo cha Dodoma hakioni wingu lililolala mlima Sekenke. Ndiyo maana simu ya mwanakamati aliyepo kiwanjani ina thamani. Lakini daraja si ruhusa. Rubani ndiye anayeamua, kwa kufuata kanuni za nchi.

Maswali ya kujadili:
1. Kuona ni maili 4, wingu futi 400. Daraja gani?
2. Nani kwenu atapiga simu kueleza wingu kabla ndege haijaruka?