Mbwa Kijana Mwenye Pupa: Somo Kutoka Kwenye Michai

Tangu shule ya msingi tumekaririshwa kwamba mwana wa mbwa ni kilebu na mlio wake ni kubweka. Tuliulizwa katika mitihani, tukajibu, tukapata alama zetu. Lakini ni nani kati yetu amewahi kumwita kilebu wa kwao kilebu? Huku kwetu Kericho na Bomet mbwa ni Simba, Tomi au Bosco, na amri anayoijua ni moja tu: "Toka!" Ndiyo maana nimeonelea niandike makala haya juu ya jambo ambalo halimo katika vitabu vyetu, yaani jinsi ya kumshika mbwa kijana mwenye pupa siku anapojaribiwa kazi ya kusaka na kuleta.

Kwanza tumjue mbwa mwenyewe. Kuna mbwa waitwao ritriva. Kazi yao tangu jadi si kuua bali kurejesha. Msasi akishapiga bata au kwale, ritriva humtafuta ndege alikoangukia, humshika kwa mdomo mwororo bila kumtoboa, kisha humletea mwenyewe mkononi. Anayejulikana zaidi ni Labrador. Mababu zake walitoka kisiwa cha Newfoundland huko Kanada, ambako wavuvi waliwatumia kuvuta kamba na kuokota samaki waliochomoka. Waingereza waliwachukua katika karne ya 19, na mwaka 1903 chama chao cha mbwa kikamtambua Labrador rasmi. Mwaka huo huo wa 1903 ndipo mche wa chai ulipopandwa Kenya kwa mara ya kwanza, kule Limuru. Kwa hiyo ukipenda unaweza kusema Labrador na chai yetu ni rika moja.

Kabla mwalimu wa nidhamu hajaniita ofisini, niseme wazi kwamba sifundishi ujangili. Uwindaji wa michezo ulipigwa marufuku nchini mwetu mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haina mzaha. Katika jaribio ninalolieleza hapa hapakuwa na bunduki wala mnyama. Tulitumia vifurushi vya turubai vilivyojazwa vitambaa na mchanga kidogo, kila kimoja kiasi cha uzito wa kuku mdogo. Hata Uingereza kwenyewe wana majaribio ya namna hii ya vifurushi vitupu, na kila zoezi hutolewa alama 20. Tena kipaji hiki cha kunusa kina kazi nyingine siku hizi. Tangu 2014 shirika la African Wildlife Foundation limekuwa likifundisha mbwa huko Arusha, Tanzania, na wengine wao hufanya kazi na askari wa wanyamapori kunusa pembe za ndovu katika bandari ya Mombasa na uwanja wa ndege wa Nairobi. Na sisi wa Bomet tukivuka tu upande wa Mara, tunawakuta mbwa wa kufuata nyayo za majangili.

Sasa tuje kwa Bosco. Huyu ni Labrador dume, rangi ya manjano, umri miezi 14, mali ya mjomba wangu ambaye ni mlinzi katika shamba moja la chai. Aliachiwa na mkubwa mmoja aliyehamishwa. Kwa umbo ni mbwa mzuri ajabu. Kwa tabia, jamani, wacha tu! Akiona kitu kimerushwa hewani alikuwa anapiga mayowe kama nguruwe aliyebanwa mlangoni, kisha anachomoka. Wachumaji wakitupa majani nyuma kwenye vikapu vyao, yeye alidhani wanamrushia yeye. Mama mmoja aliangushwa na kikapu chake kikamwagika. Hakuumia, lakini majani hupimwa kwa kilo na kilo ndiyo ugali wa watoto. Nyapara akamwambia mjomba kwamba mwisho wa mwezi mbwa huyo ama awe ametulia ama aondoke kambini. Na sote twajua mbwa asiyetakiwa kambini huishia wapi. Mtu huweka kipande cha nyama chenye sumu, na asubuhi watoto wanachimba shimo.

Mzee mmoja mstaafu, ambaye zamani alikuwa katika kikosi cha mbwa wa polisi, akajitolea kuwajaribu mbwa wanne wa pale kambini mbele ya nyapara. Mjomba hufanya zamu ya usiku, basi kazi ya kumwandaa Bosco ikaniangukia mimi wakati wa likizo. Nilikuwa na wiki tatu. Mengi nitakayoyaeleza nimeyapata kwa yule mzee, na mengine kwa Bosco mwenyewe.

Jambo la kwanza ni kuelewa pupa inatoka wapi. Watu husema mbwa kama huyu ni mkaidi au hana akili. Si kweli. Ana akili sana, ila amejifunza somo lisilo sawa. Tangu akiwa kilebu kila kitu kilichorushwa alikikimbilia, akakipata, akafurahi. Kwa hiyo katika kichwa chake kurushwa maana yake ni kukimbia, nukta. Hata umchape namna gani, hesabu hiyo haibadiliki kwa kiboko. Inabadilika kwa kurusha mara nyingi huku yeye hapati. Mzee aliniambia hivi: "Kijana, rusha kumi. Saba kaokote wewe mwenyewe kwa miguu yako, yeye ameketi. Tatu umwachie."

Aisee, zoezi hilo lilinikondesha! Lakini ndilo lililofanya kazi kuliko yote. Siku ya kwanza nilimfunga kamba ya mita 10 na ncha yake nikaifunga kwenye mkaratusi, maana bila hivyo angenivuta hadi Sotik. Kifurushi kiliruka, Bosco akaruka, kamba ikamrudisha. Sikumfokea. Nilingoja aketi mwenyewe, nikaenda kuokota, nikarudi nikampa punje ya mahindi ya kuchemsha. Kufikia siku ya tano alikuwa akiona kifurushi kinaruka ananitazama mimi kwanza. Kule kunitazama ndiko kunakotafutwa. Mbwa anayekutazama anauliza, na anayeuliza bado yuko mkononi mwako.

Jambo la pili ni sauti. Hapa karibu kila mtu hukosea, maana mbwa akipagawa sisi nasi twapagawa. "Bosco! Bosco! Keti! We Bosco! Nimesema keti!" Kwa sikio la mbwa hizo ni kelele za kushangilia, ni kama umati unapomwona mkimbiaji wetu akiingia mzunguko wa mwisho. Anaongeza mbio. Amri ni neno moja, mara moja, kwa sauti ya chini. Baada ya hapo nyamaza. Filimbi ni bora zaidi kwa sababu haina hasira ndani yake. Tulikubaliana pigo moja refu maana yake keti, na mapigo mafupi mafupi maana yake rudi.

Na kwenye chai filimbi si anasa. Michai hukatwa sawasawa juu kiasi cha kiuno, ikawa kama meza ya kijani isiyo na mwisho, na chini yake mashina yameacha vichochoro ambamo mbwa hupita bila kuonekana hata ncha ya mkia. Ukimtuma humo umemkabidhi pua yake. Inakadiriwa kwamba mbwa ana chembe za kunusia zaidi ya milioni 200, ilhali binadamu ana kama milioni 6 tu, kwa hivyo usijifanye wewe ndiwe unayejua kifurushi kiliko. Kazi yako ni kumpeleka upande ambako upepo unatoka kwenye kifurushi kuja puani mwake, kisha umwache. Asubuhi umande ukiwa bado kwenye majani, harufu hukaa vizuri. Alasiri mvua ya Kericho ikishaanza, tena ile ya mawe, rudini nyumbani.

Tatu ni kile kilio. Katika mashindano ya ritriva huko Uingereza mbwa akilia au kubweka akiwa anangoja zamu huondolewa kabisa, kama vile akichomoka kabla ya kutumwa, au akimponda ndege kwa meno. Sababu ni ya kikazi, kwani kelele hufukuza wanyama. Dawa yake ni ya uvumilivu. Akilia, geuka naye, rudini nyuma hatua 20, keti naye chini hadi pumzi itulie. Akinyamaza, sogea mbele. Akilia tena, rudi tena. Asipate kutumwa hata mara moja akiwa analia, kwani siku utakayomwonea huruma ndiyo siku atakayoikumbuka. Nilikuwa nampeleka pia pembeni mwa uwanja wa mpira watoto wakicheza, tunakaa tu, nusu saa, hatufanyi kitu. Waliopita walinicheka wakisema nimemleta mbwa kutazama mechi.

Usimpige anaporudi, hata akichelewa, hata akileta kiatu cha mtu badala ya kifurushi. Mbwa huunganisha kipigo na tendo la mwisho alilolifanya, na tendo hilo ni kukujia. Akikataa kuachilia kifurushi na kuanza kukuzungukazunguka, usimkimbize. Kimbia wewe kinyumenyume, atakufuata mwenyewe.

Siku ya jaribio nilimwamsha mapema nikamtembeza polepole kando ya barabara ya shamba, kamba imelegea. Sikumkimbiza ati achoke. Labrador hachoki, anapata moto tu. Sikumlisha chakula kizito pia, kwa kuwa kukimbia na tumbo lililojaa si salama. Tulipofika tulikaa mbali na wenzetu, mgongo kwa uwanja, hadi tukaitwa.

Walikuwa wanne: Bosco, mbwa mmoja chotara wa aina ya German Shepherd, na wawili wa kienyeji wa pale pale kambini. Mazoezi yalikuwa manne. Kutembea karibu na mguu bila kamba, Bosco alipata 16. Kuketi huku mwenzake akitumwa, hapo ndipo moyo wangu ulipokuwa mdomoni. Kifurushi kilipanda juu, mbwa wa kienyeji akachomoka kama mshale, na Bosco akatoa mlio mmoja mwembamba, "iiiii". Akatetemeka mwili mzima. Akanitazama. Nilipumua kwa sauti ili asikie natulia, sikusema neno. Makalio yake hayakutoka ardhini. Mzee akaandika 9. Kwa kanuni za kule ng'ambo tungekuwa tumekwisha, lakini yeye alisema hili ni jaribio la kambini, si la malkia.

Zoezi la tatu, kifurushi alichokiona kikianguka, alikileta moja kwa moja, 18. La nne lilikuwa kifurushi kilichofichwa ndani ya michai bila mbwa kuona. Nilimvua kamba, nikangoja. Watu wengi humtuma mbwa kamba ikitoka tu shingoni, na mbwa hujifunza kwamba kamba ikitoka ndiyo ruhusa. Nikahesabu hadi tano kimoyomoyo, akanitazama, nikamtaja jina. Akazama chini ya majani. Dakika nzima hatukuona kitu ila vichipukizi vikitikisika huku na huku. Kisha kichwa cha manjano kikachomoza mita chache kutoka walipokuwa wachumaji wawili waliosimama kutazama, kifurushi mdomoni. Mmoja alikuwa yule mama wa kikapu. Bosco alimpita kana kwamba ni nguzo ya stima. 15.

Jumla 58 kati ya 80, nafasi ya pili. Wa kwanza, kwa alama 67, alikuwa mbwa wa kienyeji mwenye sikio moja lililokatika, anayelala chini ya ghala la kuni, ambaye mwenyewe ni kijana wa darasa la saba na hajawahi kumnunulia hata kamba. Chotara aliondoka uwanjani zoezi la kwanza, akaonekana jioni.

Nyapara alimruhusu Bosco abaki kwa masharti mawili: mchana wachumaji wakiwa kazini awe kwenye mnyororo, na cheti cha chanjo kionyeshwe ofisini. Sharti la pili lingefaa liwe la kila nyumba. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kilebu akitimiza miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Serikali ilianza mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo vya binadamu vya ugonjwa huo kufikia 2030, na mpango huo hauwezi kufika popote ikiwa mbwa wetu wanaishia kujulikana kwa neno "Toka!" tu. Ukiumwa, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dalili zikishaanza hakuna daktari wa kukusaidia.

Likizo ijayo tutaanza maji. Mababu zake walikuwa waogeleaji, lakini Bosco akifika ukingo wa mto hunusa, hukanyaga kwa mguu mmoja na kunitazama kama aniulizaye kama na mimi naingia. Mzee ameshasema jibu ni ndiyo, nitaingia, na mito yetu inavyokuwa baridi asubuhi wenzangu wa Kericho mnaijua.