Gazi ya radoni: namna ya kuipima

Ndugu mufanyakazi, vumbi unaliona, moshi wa baruti unausikia puani. Radoni haina rangi wala harufu, na inatoka ndani ya mawe yenye uranyumu. Sisi wa Katanga tunajua jina la Shinkolobwe, lakini usifikiri ni kule tu. Uranyumu kidogo uko karibu katika mawe yote. Gazi inapita katika nyufa, inakuja na maji ya chini ya udongo, na inajikusanya katika njia iliyofungwa mbele wakati ventilateri imesimama.

Ukiivuta, nyingi inatoka tena. Hatari ni watoto wake. Radoni inapovunjika inazaa polonyumu, inayoshika vumbi na kubaki katika mapafu. Huko inaleta kansere, na kwa mutu anayevuta tumbako hatari inazidi sana.

Namna gani kupima kitu kidogo hivi? Tufanye hesabu. Bekereli 1 ni atomu moja inayovunjika kila segonde. Mwaka 2009 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba ndani ya nyumba radoni isipite bekereli 100 katika litri 1000 za hewa. Basi katika chupa ya litri 1 ni atomu moja tu ya radoni kila segonde 10! Ndiyo sababu mupimaji anatia hewa katika chupa iliyopakwa ndani unga wa zinki na kiberiti, anangoja saa 3 ili watoto wa radoni waongezeke, kisha mashini inahesabu vimulimuli vya mwanga.

Lakini chupa inasema habari ya saa ile tu. Kwa hiyo wanatundika pia kisanduku chenye kipande cha plastiki, miezi 3. Kila pigo linaacha alama. Plastiki inalowekwa katika soda ya moto, alama zinahesabiwa kwa mikroskopi.

Kisanduku hicho usikifungue, usikipeleke nyumbani. Kuna wanaokisogeza karibu na mudomo wa hewa safi ili hesabu ionekane nzuri. Karatasi itakuwa nzuri, mapafu yataendelea kuvuta hewa ileile.

Nanyi mama wa nyumba: baba akileta jiwe zuri la rangi kutoka kazini, lisilale chumbani mwa watoto. Arudishe.