Mdogo Wangu, Usilifunge Hilo Dirisha

Wadogo zangu, wiki hii ujumbe ulionikaa rohoni umetoka Mwanza. Uliingia saa nane usiku, kutoka kwa kijana anayetunza kompyuta za duka la jumla la dawa. Ameniruhusu niwasomee:

"Shikamoo dada. Nimepandisha seva yetu kutoka Ubuntu 20.04 kwenda 22.04, ikamaliza bila shida. Nikafuta vifurushi ambavyo sikuona kazi yake ili nipate nafasi, nikafunga laptopu nikalala kidogo. Sasa kila nikijaribu kuingia kwa ssh naambiwa Permission denied. Nimetengeneza funguo mpya mara tatu, wapi! Saa mbili asubuhi wauzaji wanafungua duka na stoku yote imo humo. Seva yenyewe iko Frankfurt. Nifanyeje?"

Nilikuwa macho, nikampigia. Nilianza kwa kumwambia apumue, kwa sababu seva inayokujibu haijafa, na dawa zake zote zilikuwa zimeandikwa humo salama. Kisha nikamwomba aache kutengeneza funguo. Ufunguo mpya mkononi mwako hausaidii kitu kama kitasa cha upande wa pili hakijaujua, na kila unapotengeneza mwingine unazidi kusahau ule wa kwanza ulikuwa upi.

Kuingia kwenye seva kwa mbali ni kubisha hodi, na hodi ina majibu yake. Ukibisha, kimya, muda unapita, mwishowe unaambiwa Connection timed out, ujue hodi haijafika: anwani si yenyewe, au kuna kinga ya mtandao njiani inayoimeza. Ukijibiwa papo hapo Connection refused, nyumba umeifikia ila mlangoni hakuna mtu. Yaani sshd, programu inayopokea wageni, haikuamka baada ya kupandishwa toleo, au imehamia poti nyingine. Ukiambiwa Permission denied, bawabu yupo, amekusikia, na amekukataa. Na ukikaribishwa, ukaona hadi tarehe ya mara ya mwisho ulipoingia, halafu ukatolewa hapohapo, basi tatizo limehama mlangoni, liko sebuleni. Sheli imeanguka.

Sheli ninayoisema hapa si ya mafuta. Ni ile programu inayokupokea ukishaingia na kusoma amri unazoandika: bash, zsh, fish na wenzake.

Sasa sikilizeni jambo linalowatesa wengi. Bawabu huyu hamwelezi mgeni sababu ya kumkatalia, na anafanya hivyo kwa makusudi. Mtafiti Tatu Ylönen aliandika SSH ya kwanza huko Finland mwaka 1995, baada ya mtu kutega mtandao wa chuo alikofanya kazi na kunasa maneno ya siri ya watumiaji. Programu iliyozaliwa na wizi haiwezi kumwambia asiyejulikana kwamba jina ni sahihi ila ufunguo ndio mbovu. Sababu inaandikwa ndani, kwenye logi. Kwa hiyo Permission denied inaweza kuficha mambo mengi tofauti, na ukiwa nje yote yanafanana.

Kijana wetu alikuwa nje kabisa. Tukapitia ukurasa wa kampuni inayomkodisha seva, tukaiwasha katika hali ya uokoaji, tukaipachika diski yake na kufungua /var/log/auth.log. Mstari ulikuwa pale, umejirudia kila alipojaribu: not allowed because shell /usr/bin/zsh does not exist. Sheli yake haipo! Katika ule usafi wa usiku alikuwa ameifuta zsh pamoja na vifurushi vingine, na akaunti yake ilikuwa imeandikishwa kuitumia hiyohiyo. Ufunguo wake wa kwanza ulikuwa mzima muda wote.

Ukifungua faili la /etc/passwd utaona kila mtumiaji ana mstari wake wenye sehemu saba, zimetenganishwa kwa nukta pacha. Wake ulisomeka hivi, jina nimelibadilisha:

kijana:x:1000:1000::/home/kijana:/usr/bin/zsh

Ile sehemu ya mwisho ndiyo sheli. Tukaibadilisha kuwa /bin/bash, tukaiwasha seva upya kwa njia ya kawaida. Saa kumi na moja na nusu alfajiri akaingia. Kama angekuwa bado na dirisha moja la ssh wazi, kazi nzima ingekuwa amri moja: sudo usermod -s /bin/bash kijana. Sekunde tano.

Yamewahi kunikuta ya kufanana na hayo. Ofisi moja niliyofanyia kazi ilikuwa na mashine ya FreeBSD. Huko bash haiji na mfumo wenyewe, inasakinishwa kama kifurushi na kukaa /usr/local/bin. Nilipandisha mfumo kwenda toleo kubwa jipya kabla ya kusakinisha vifurushi upya. Bash ilikuwepo, lakini maktaba ambayo bash huitegemea ilikuwa imeondoka. Ufunguo unakubaliwa, mlango unafunguka, halafu unaambiwa Shared object not found na unatupwa nje. Ilinibidi nipande daladala hadi kwenye chumba cha seva, nikae mbele ya kibodi yake, niingie kama root, yaani msimamizi mkuu. Niliweza kwa sababu sheli ya root haikuwa imeguswa. Ilikuwa ileile inayokuja na mfumo. Ndiyo maana nawasihi kwa dhati: sheli ya root iacheni ilivyo. Mkitaka sheli ya kupendeza, wekeni kwenye akaunti yenu. FreeBSD wameweka hadi akaunti ya pili ya msimamizi, inaitwa toor, kwa ajili ya anayetaka kubadilisha sheli bila kuigusa ya root.

Wengine mtakutana na sababu za kweli za ufunguo. SSH inayotumika kwenye Ubuntu ni OpenSSH. Toleo lake la 8.8, lililotoka Septemba 2021, liliacha kukubali sahihi za RSA zinazotumia SHA-1, na Ubuntu 22.04 ina 8.9. Ufunguo wako wa RSA hauna kosa. Kosa ni la programu ya zamani unayoingilia, labda PuTTY ya miaka mingi kwenye kompyuta ya ofisi, ambayo haijui kutia sahihi kwa njia mpya. Kwenye logi utaona neno PubkeyAcceptedAlgorithms. Usikimbilie kuirudisha njia ya zamani kwenye seva. Sasisha programu yako, au ukiwa bado una njia ya kuingia, tengeneza ufunguo mpya kwa ssh-keygen -t ed25519 na uupeleke kabla ya kupandisha toleo. Wenye funguo za DSA, hizo zilizimwa tangu 2015 na sasa zimeondolewa kabisa. Zikeni.

Na wanaojibiwa Connection refused, chunguzeni sshd_config, faili la mipangilio ya sshd. Wakati wa kupandisha toleo mfumo unakuuliza: nibaki na faili lako au niweke jipya? Usibonyeze Enter kwa usingizi. Omba kwanza uone tofauti. Ukibaki na la zamani, na humo umetaja mbinu ya usimbaji ambayo toleo jipya haliijui tena, sshd itagoma kuamka. Aliyehamisha poti kutoka 22 ajue pia kwamba tangu Ubuntu 22.10 anayesikiliza mlangoni ni ssh.socket ya systemd, kwa hiyo kuiwasha upya huduma ya ssh peke yake kunaweza kusikuhamishie poti. Amri ya sudo ss -tlnp itakuonyesha nani anasikiliza wapi.

Lakini ninalotaka mlishike ni dirisha. Kipindi cha ssh ulichokwisha kukifungua ndani yake kina mchakato wake, kwa hiyo ukiiwasha sshd upya hakikatiki. Andika sudo sshd -t. Ikikaa kimya, faili lako ni zima. Ikisema neno, lisome. Kisha washa sshd upya, fungua dirisha la pili, jaribu kuingia. Likikataa, rudi kwenye la kwanza, soma logi, rekebisha, jaribu tena. La kwanza halifungwi mpaka la pili limekukubali, hata kama umeme umerudi na chakula kinapoa. Usiseme pia kwamba hukugusa mipangilio yoyote: OpenSSH 9.8 ya Julai 2024 iliigawa sshd vipande viwili, na kuna waliosasisha tu bila kuiwasha upya wakakuta wageni wapya wote wanakataliwa.

Kazi nzima ya kupandisha toleo ifanyie ndani ya tmux au screen, ili bando likikata katikati, kazi iendelee bila wewe. Ubuntu yenyewe, ukitumia do-release-upgrade kupitia ssh, inakufungulia mlango wa dharura kwenye poti 1022. Hakikisha kinga yako ya mtandao inairuhusu. Na kabla ya yote, ingia kwenye konsoli ya kampuni inayokukodisha ujaribu kama unaweza kuingia kutoka huko. Wengi mmeweka funguo peke yake, akaunti haina neno la siri hata moja, kwa hiyo siku ya shida konsoli inakuuliza neno la siri na huna la kuandika. Liweke leo, lihifadhi mahali pa salama.

Kijana wangu ameniuliza tena kama amwambie bosi wake. Mwambie, mdogo wangu. Mwambie leo, kabla hajasikia kwa mwingine, na mwonyeshe ule mstari wa logi. Na ile seva yenu ya pili, ya mahesabu, uliyoniambia nayo inangoja kupandishwa toleo, usiiguse kabla ya Jumapili. Siku hiyo, wauzaji wakiwa wamepumzika, fungua madirisha mawili, kisha nipigie. Nitakaa nawe kwenye simu mpaka dirisha la pili likubali.